Homa imeshuka, maradhi bado yamo: Mgonjwa wa homa ya Bonde la Ufa anaporudi nyumbani

Mtu akilazwa hospitali, jamaa zake huhesabu siku. Siku ya kuruhusiwa ikifika, shuka hukunjwa, sufuria ya uji hufungwa kwenye kanga, na walioko nyumbani hupigiwa simu waambiwe kuwa mgonjwa amepona, alhamdulillah. Shukrani hiyo ni haki ya Mola wetu, wala hatumzuii mtu kuitoa. Hata hivyo, yapo maradhi ambayo siku ya kuruhusiwa huwa ni katikati ya safari, na homa ya Bonde la Ufa ni mojawapo.

Wiki hii tumeona ni wajibu wa ukurasa huu wa familia kuizungumza homa hiyo, kwa sababu moja kubwa. Sehemu yake ya pili, ile inayogusa macho na akili, kwa kawaida haimkuti mgonjwa akiwa wodini. Humkuta nyumbani, mbele ya mke au mume, mbele ya mama na watoto, wakati ambao daktari ameshaaga na cheti cha ruhusa kimeshawekwa chini ya godoro. Asiyeijua sehemu hiyo humdhania mgonjwa wake mambo mengine kabisa: uvivu, kiburi, au kurogwa.

Tunawaandikia wasomaji wetu wote, na kwa namna ya pekee tunawaandikia ndugu zetu wa Mtera na vijiji vinavyolizunguka bwawa, mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa. Huko mto Ruaha Mkuu umezuiliwa ili maji yake yatoe umeme, na barabara iendayo Iringa hupita katikati ya watu wanaoishi kwa samaki, kwa mtama na uwele, na kwa mifugo. Kiangazi kikiwa kikali, ng'ombe na mbuzi wa Ugogo hufuata majani na maji. Maisha ya watu na maisha ya wanyama wao yamesukwa pamoja, na ndiyo maana maradhi ya mnyama huko si habari ya mnyama peke yake.

Tuliyoyapata mwaka 2007

Wenye umri wa kukumbuka wataikumbuka mvua ya mwishoni mwa mwaka 2006. Ilikuwa mvua kubwa isiyo ya kawaida, ya El Niño, iliyojaza mabonde na mbuga za Afrika Mashariki yote. Kenya ilikuwa ya kwanza kupata pigo, katika wilaya ya Garissa na jirani zake. Idd al-Adha ya mwaka 1427 Hijria, iliyoangukia siku za mwisho za Desemba, ilipita wakati maradhi yakiwa tayari ng'ambo ya mpaka. Mwezi Januari 2007 yaligunduliwa kwa watu kaskazini mwa Tanzania, kisha yakashuka hadi uwanda wa kati.

Hadi mlipuko ulipokwisha mwezi Juni mwaka huo, watu 511 walikuwa wameorodheshwa nchini kuwa wanashukiwa kuugua, kutoka mikoa 10 kati ya mikoa 21 iliyokuwepo wakati ule. Waliothibitishwa kwa vipimo vya maabara walikuwa 186. Waliofariki walikuwa 144, Allah awarehemu. Mkoa wa Dodoma ndio uliobeba mzigo mkubwa kuliko mkoa mwingine wowote: zaidi ya nusu ya waliothibitishwa walitoka humo, ukifuatiwa na Morogoro. Kwa upande wa mifugo, nchi ilipoteza takriban ng'ombe 17,000, mbuzi 20,000 na kondoo 12,000, mbali ya maelfu ya mimba zilizoharibika. Biashara ya nyama iliporomoka, na familia nyingi zilizokuwa zikijitegemea zikabaki na zizi tupu.

Hesabu hizo zimeandikwa na kusomwa mara nyingi. Lakini ukitoa waliofariki katika jumla ya walioorodheshwa, wanabaki mamia ya watu walioishi. Hao ndio tunaotaka kuwazungumzia leo.

Maradhi yenye sehemu mbili

Homa ya Bonde la Ufa husababishwa na kirusi kilichotambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931, katika uchunguzi wa kondoo waliokuwa wakifa katika shamba moja la Bonde la Ufa nchini Kenya. Mbu hukibeba kutoka kwa mnyama hadi mnyama. Baadhi ya mbu hao hutaga mayai yenye kirusi ndani yake, na mayai hayo yanaweza kukaa katika udongo mkavu wa mbuga kwa miaka kadhaa yakisubiri mafuriko. Ndiyo maana ugonjwa hupotea hata ukasahaulika, kisha ukarudi na mvua kubwa kana kwamba umetoka ardhini.

Mbu anaweza kumwambukiza binadamu pia, lakini wengi huupata kwa mikono yao wenyewe: kwa kuchinja na kuchuna mnyama mgonjwa, kwa kumsaidia kondoo au mbuzi aliyeharibu mimba, kwa kugusa damu na viungo vya ndani, na huenda pia kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa. Hakuna ushahidi wa maambukizi kutoka kwa mtu hadi mtu katika maisha ya kawaida ya nyumbani, na hilo tunalisema mapema ili pasiwepo mgonjwa atakayetengwa.

Baada ya siku mbili hadi sita tangu maambukizi, homa huanza kwa ghafla, pamoja na maumivu ya kichwa, misuli, viungo na mgongo. Wengi huumwa kwa siku nne hadi saba, kisha homa hushuka. Wapo wachache wanaopatwa na hali ya kutokwa damu, nayo hujitokeza siku mbili hadi nne baada ya kuanza kuumwa. Takriban nusu ya wanaofikia hali hiyo hufariki. Hao daktari huwaona, kwa kuwa hali yao haifichiki.

Sasa msomaji ahesabu pamoja nasi. Madhara ya macho huanza wiki moja hadi tatu baada ya siku ya kwanza ya homa. Madhara ya ubongo huanza wiki moja hadi nne baada ya siku hiyo, na wapo ambao dalili zao zimechelewa kupita siku 60. Mgonjwa aliyelazwa siku ya pili ya homa na kuruhusiwa siku ya saba au ya nane, atakuwa wapi siku ya kumi na tano? Atakuwa wapi siku ya arobaini? Hospitali imemwona juma moja. Miezi miwili inayofuata ni amana mikononi mwa familia.

Doa katikati ya macho

Tuchukulie mfano, ambao tumeutunga sisi wenyewe ili jambo lieleweke. Mfugaji amemsaidia kondoo wake aliyeharibu mimba, kwa mikono mitupu. Siku chache baadaye anashikwa na homa kali, analazwa, anapata dripu na dawa, anarudi nyumbani akiwa dhaifu lakini mwenye furaha. Wiki ya pili, baada ya Isha, anaketi na mkewe.

"Mama watoto, mbona taa hii ina doa?"

"Taa haina doa, baba watoto. Nimeifuta kioo jioni hii."

"Basi doa limo machoni mwangu."

Yatakayofuata baada ya hapo, wengi wetu tunaweza kuyakisia. Mtu huyu anatembea vizuri. Hajikwai, hapapasi ukuta, anakwenda msikitini na kurudi. Lakini anapita mbele ya shemeji yake bila kumtolea salamu. Anasimama kwenye zizi lake na hawezi kuitambua alama ya sikio la ng'ombe aliyemlea mwenyewe. Anashika Msahafu na kuurudisha kwenye rafu. Majirani wanaanza kunong'ona: huyu tangu atoke hospitali amekuwa na maringo. Wengine wanasema anajifanya haoni ili asifanye kazi, kwani mtu asiyeona angewezaje kuvuka barabara?

Jibu lipo katika umbo la jicho. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaopokea mwanga, ambao madaktari huuita retina. Kitovu chake ndicho kinachotuwezesha kusoma, kutambua uso wa mtu, kuchambua mchele na kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Pembezoni mwake ndiko kunakotuwezesha kuuona mlango, kichaka na mwendo wa gari. Homa ya Bonde la Ufa inapopiga jicho, hupenda kupiga kitovu au jirani yake. Mgonjwa hubaki akiona ukingo wa dunia, na katikati pana ukungu au giza. Kwa hiyo anaweza kuvuka barabara na asiujue uso wa ndugu yake. Hajifanyi.

Katika milipuko kwa jumla, Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa wanaopatwa na madhara ya macho ni kati ya nusu ya asilimia moja na asilimia mbili ya wagonjwa. Katika orodha ya Tanzania ya mwaka 2007, ambayo ilikuwa na wagonjwa mahututi wengi, walikuwa asilimia 3. Habari njema ni kwamba kwa baadhi yao uoni hurejea wenyewe ndani ya wiki 10 hadi 12. Habari nzito ni kwamba pale kitovu cha retina kinapoumia, nusu ya wagonjwa hubaki na upungufu wa kudumu. Mlipuko wa mwaka 2000 katika eneo la Jizan, Saudi Arabia, uliokuwa pamoja na ule wa Yemen wa kwanza kuthibitishwa nje ya Afrika, uliwapa madaktari wa macho wa huko fursa ya kufuatilia zaidi ya wagonjwa 140 wa aina hii, na makovu waliyoyaona ndani ya macho yao yalikuwa katika kitovu hicho au kando yake.

Pengine msomaji atauliza: ikiwa dawa ya kuua kirusi hiki haipo, kuna faida gani ya kumrudisha mgonjwa hospitali? Faida zipo. Ukungu wa macho una sababu nyingi, na si zote zisizotibika; hata homa hii huweza kuleta uvimbe wa sehemu ya mbele ya jicho, ambao huhitaji dawa za matone zinazotolewa na mtaalamu. Isitoshe, uwanda wetu wa kati una historia ndefu ya trakoma, na mtu anaweza kuwa na maradhi mawili kwa wakati mmoja. Pia anayechelewa hujaribiwa na dawa za kutia machoni, za majani au za dukani zisizo na maelekezo, ambazo zimeharibu macho mengi yaliyokuwa na matumaini. Mkoani Dodoma, hospitali ya Mvumi inajulikana kwa idara yake ya macho, na hospitali za rufaa mjini Dodoma zinaweza kumwelekeza mgonjwa panapostahili.

Akili inapoyumba

Dalili za ubongo zinatisha zaidi. Kichwa huuma vikali, mtu husahau, huchanganyikiwa asijue yuko wapi, huona vitu visivyokuwepo, hupata kizunguzungu au degedege, au hulala usingizi usio wa kawaida. Katika milipuko mingi hali hii huonekana kwa wachache, chini ya mgonjwa mmoja kati ya mia. Lakini katika orodha ya Tanzania ya mwaka 2007, asilimia 89 ya walioshukiwa walikuwa na dalili za kuathirika kwa ubongo. Idadi hiyo inatuambia ni wagonjwa wa namna gani waliofikishwa hospitali wakati ule, na kwa nini uwanda wa kati una sababu ya kuijua sura hii ya maradhi kuliko wengine. Vifo kutokana na uvimbe wa ubongo pekee si vingi, ila wanaobaki na upungufu fulani, wa kumbukumbu, wa mwendo au wa utulivu wa akili, ni wengi miongoni mwa waliofikia hali hiyo.

Hapa ndipo familia hupotea njia kwa aina mbili.

Njia ya kwanza ni malaria. Kati ya wagonjwa 309 wa mwaka 2007 ambao ugonjwa wao ulithibitishwa au kudhaniwa kwa nguvu, asilimia 55 walikutwa pia na vijidudu vya malaria katika damu. Maana yake ni kwamba kipimo cha malaria kinaweza kusema kweli na bado kisiseme yote. Mtu anameza dawa ya mseto hadi mwisho, homa inashuka, nyumba inatulia. Wiki ya tatu anapoanza kusahau majina ya wanawe, hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili, kwa kuwa "malaria ilikwisha."

Njia ya pili ni kudhani mgonjwa amepagawa. Sisi Waislamu tunaamini kuwa majini wapo, na kisomo cha Qur'ani kwa mgonjwa ni jambo la kheri. Lakini Mtume wetu (SAW) alituhimiza kutafuta tiba, na hakuona kuwa dawa inapingana na dua. Mtu aliyeshika mnyama mgonjwa, akashikwa na homa, kisha akaanza kuweweseka wiki chache baadaye, ana sababu iliyo wazi ya kufikishwa kwa daktari. Asomewe, na huku gari likitafutwa. Kumfungia ndani kwa juma zima akizungushiwa ubani ni kumnyima haki yake.

Vilevile tusiwe wepesi wa kuhukumu ibada yake. Sheria yetu ina wasaa mkubwa kwa mgonjwa: asiyeweza kusimama huswali akiwa ameketi, asiyeweza kuketi huswali akiwa amelala, na aliyepotewa na akili hana hesabu mpaka imrudie. Mtoto asimcheke babaye aliyesahau idadi ya rakaa. Amketie ubavuni amkumbushe.

Kazi ya familia katika siku sitini

Tunashauri mambo machache ambayo kila nyumba inaweza kuyafanya.

Kwanza, iandikwe tarehe ya siku ya kwanza ya homa, kwenye daftari la mtoto au nyuma ya kalenda ya msikiti. Tarehe hiyo ndiyo itakayomwongoza daktari.

Pili, kila baada ya siku chache, kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu, mgonjwa azibe jicho moja kwa kiganja na atazame uso wa mtu aliye hatua chache mbele yake, kisha afanye hivyo kwa jicho la pili. Kuziba jicho moja kuna maana, kwani jicho zima huficha upungufu wa mwenzake. Akisema uso una ukungu, una doa, au mistari iliyonyooka anaiona imepinda, asisubiri kesho kutwa.

Tatu, anayelala naye chumba kimoja aangalie mambo ya akili, kwa sababu mgonjwa hawezi kujua kuwa amesahau. Maumivu ya kichwa yasiyoisha, maneno yasiyopangika, kuamka usiku na kuzungumza na asiyekuwepo, kuanguka: yote ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo.

Nne, wakirudi wachukue cheti cha ruhusa, na waseme bila kuulizwa: huyu aliumwa homa tarehe fulani, na kabla yake alishika mnyama aliyekuwa mgonjwa au aliyeharibu mimba. Sentensi hiyo moja inaweza kumfumbua macho mhudumu wa afya ambaye vinginevyo angefikiria malaria tu.

Tano, mambo ya amana yashughulikiwe kwa hekima. Mfugaji mwenye madeni, mwenye mbuzi wa watu zizini mwake, au aliyeshika fedha za kikundi, akianza kusahau, jamaa na mashahidi wakae naye mapema na kuandika. Hilo humlinda yeye na huwalinda wenye haki.

Wajibu wa jamaa na msikiti

Maradhi ya virusi yanayoacha alama hayakuanza leo, na nchi yetu inayafahamu. Mwaka 1952, katika uwanda wa Makonde kusini mwa Tanzania, ulizuka ugonjwa uliowakunja watu kwa maumivu ya viungo. Jina lake, chikungunya, ambalo dunia nzima hulitumia sasa, limetokana na lugha ya Kimakonde, na hadi leo wapo wanaoumwa viungo kwa miezi mingi baada ya homa yake kwisha. Huko Beni, mashariki mwa Kongo, mwaka 2019 wakati wa mlipuko wa Ebola, ilianzishwa kliniki ya macho kwa ajili ya walionusurika, kwa kuwa ilikwishajulikana kutoka Afrika Magharibi kuwa aliyepona Ebola anaweza kupata uvimbe wa macho baadaye. Waliopona waliitwa warudi wapimwe. Hawakuachwa wangojee kuona giza.

Jambo hilo linawezekana hata Mtera, kwa kiasi chetu. Mtera ipo mbali na hospitali kubwa, zaidi ya kilomita mia moja kwa anayekwenda Dodoma mjini, na nauli ya watu wawili, mgonjwa na msindikizaji wake, ni mzigo kwa aliyekwishapoteza mifugo. Kamati ya msikiti inayojua nani aliumwa inaweza kuwa na orodha fupi na kuwatembelea kwa wiki nane. Kumtembelea mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya Mwislamu mwenzake, na haki hiyo haiishii mlangoni mwa hospitali. Fungu la zaka kwa mafukara na masikini linaweza kumfikisha mtu kwa daktari wa macho. Na kwa yule ambaye uoni wake hautarudi, tuseme wazi kuwa kijana wake kumsaidia kutambua mifugo sokoni, na jirani kutaja jina lake anapomsalimia, ni sadaka isiyogharimu hata shilingi.

Kinga kabla ya kisu

Hatuwezi kumaliza bila kutaja kinga, kwa kuwa jicho lililolindwa ni bora kuliko jicho lililotibiwa.

Mfugaji awasiliane na afisa mifugo kuhusu chanjo mapema, kabla ya mvua kubwa. Ugonjwa ukishaingia zizini, kuchanja kiholela kwa sindano moja kwa wanyama wengi kunaweza kuusambaza. Kondoo na mbuzi wengi wakiharibu mimba kwa pamoja na vitoto vikifa, hiyo ni dalili kubwa, na itolewe taarifa upesi. Mzoga na kitoto kilichotoka visishikwe kwa mikono mitupu. Mwanamke mwenye mimba akae mbali kabisa na kazi hiyo, kwani utafiti uliofanyika Port Sudan na kuchapishwa mwaka 2016 ulihusisha maambukizi haya na kuharibika kwa mimba za wanawake. Maziwa yachemshwe, nyama iive vizuri, na tulale ndani ya chandarua, ingawa mbu wa maradhi haya huuma hata mchana.

Kwa wachinjaji tuna neno la ziada. Miongoni mwa kasoro zinazozuia mnyama kuwa udhiya ni ugonjwa ulio dhahiri, na nyamafu imeharamishwa kwetu. Basi yule anayewahi kumchinja mnyama mahututi ili asipate hasara, kisha akamgawia jirani nyama bila ya kumwambia, ameweka hatarini mikono ya mchunaji na macho ya mama anayekata nyama jikoni. Mkaguzi wa nyama aheshimiwe, na mchinjaji avae glavu, afunike mikono yenye michubuko, na anawe kwa sabuni.

Mvua ni rehema, na sisi wa uwanda mkavu tunaiombea kila mwaka. Itakaporudi kwa wingi, na mbuga zikajaa, pengine homa hii nayo itarudi, kama ilivyorudi Kabale nchini Uganda mwaka 2016 na Wajir nchini Kenya mwaka 2018. Ikiwa itaingia katika nyumba ya msomaji wetu, na Mola akajaalia mgonjwa kuruhusiwa salama, nyumba hiyo ishukuru, ipike, ialike majirani. Kisha mtu mmoja achukue kalamu aandike tarehe ya siku ya kwanza ya homa, na aanze kuhesabu hadi sitini.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awalipe kheri wanaowauguza, na atujaalie kuwaona waliobaki na maradhi hata pale wao wanaposhindwa kutuona sisi. Amin.